Ndiyo ya London: Jenerali Marshall na safari zake mbili za 1942

Afisa anayeandaa safari ya mkubwa wake wa jeshi kwenda nchi rafiki hupimwa kwa yanayoonekana: ndege imetua kwa wakati, gwaride limekaguliwa, majina ya wenyeji yametamkwa sawasawa, zawadi haikusahaulika kwenye gari. Yakienda hivyo, watu husema ziara imefana. Kisa hiki ni cha ziara iliyofana kwa kipimo hicho hicho. Mgeni alipokewa vizuri, akasikilizwa, akaondoka na ndiyo mkononi. Miezi mitatu baadaye ilibidi arudi kulekule kuuliza ile ndiyo imekwenda wapi.

Mgeni ni Jenerali George Marshall, Mnadhimu Mkuu wa Jeshi la Nchi Kavu la Marekani. Wenyeji ni Waingereza: Waziri Mkuu Winston Churchill na Jenerali Alan Brooke, aliyekuwa mkuu wa jeshi la nchi kavu la Uingereza tangu Desemba 1941. Nimekichagua kisa hiki kwa sababu hapakuwa na mzembe hata mmoja. Marshall alikuwa mtu wa kazi, wasaidizi wake walikuwa watu makini, na nchi zenyewe zilikuwa damu moja kwenye vita. Kama maandalizi yao yalivuja, inafaa kutazama tundu lilikuwa wapi.

Jalada lilivyokuwa

Marekani iliingia vitani Desemba 1941. Mkutano wa viongozi wa nchi hizo mbili uliofanyika Washington, ukamalizika katikati ya Januari 1942, ulikubaliana Ujerumani ipigwe kwanza na Japani ifuate. Ipigweje na wapi, hilo halikumalizwa. Kazi ya kulimaliza ikaangukia idara ya mipango ya Jeshi la Marekani, iliyokuwa chini ya Dwight Eisenhower, ambaye wakati huo hakujulikana sana nje ya jeshi.

Kilichotoka humo kinaitwa hadi leo Dokezo la Marshall. Kina sehemu tatu. Ya kwanza, kulundika askari na zana Uingereza, ilipewa jina la siri Bolero. Ya pili, Roundup, ni kuvuka mlangobahari ulio kati ya Uingereza na Ufaransa na kuingia Ufaransa kaskazini majira ya kuchipua ya 1943, kwa divisheni 48 (30 za Marekani, 18 za Uingereza), ndege za kivita 5,800 na vyombo vya kushushia askari ufukweni vipatavyo 7,000. Ya tatu, Sledgehammer, ni ya dharura: kutua Ufaransa kwa kikosi kidogo mwaka huohuo wa 1942, ikiwa Warusi wataelekea kuanguka au Wajerumani watalegea ghafla.

Rais Roosevelt aliliidhinisha tarehe 1 Aprili. Siku tatu baadaye Marshall akapanda ndege pamoja na Harry Hopkins, mtu wa karibu kabisa wa Rais, na maafisa wachache, mmoja wao akiwa Albert Wedemeyer wa idara ya mipango. Injini ikasumbua, wakakwama Bermuda. London wakafika tarehe 8.

Kama maandishi, dokezo lile lilikuwa safi. Fupi, lina hoja moja, lina takwimu, lina saini ya mkubwa wa wote. Wengi wetu tungelipiga muhuri bila kusita. Ila lisome tena ukiwa umekaa kiti cha mwenyeji. Linasema Marekani inataka nini, kwa nini inataka, na italeta nini. Mtu atakayelisikia upande wa pili wa meza hayumo: anaogopa nini, ameshapoteza nini, na akikataa atapata hasara gani.

Swali ambalo halikuandaliwa

Brooke aliandika shajara karibu kila usiku, na baada ya vita akaongezea maelezo yake. Anasimulia kwamba alimuuliza Marshall jambo ambalo koplo angeliuliza: tukishatua Ufaransa, tunaelekea wapi? Mashariki, kusini au magharibi? Kwa maelezo ya Brooke, Marshall hakuwa ameanza hata kulifikiria.

Brooke hakuwa mtu wa kumsifu mgeni, na shajara ni upande mmoja wa hadithi. Tuondoe chumvi yake. Swali linabaki, na aliyeuliza ni nani? Ni mtu ambaye mwishoni mwa Mei 1940 alitolewa Dunkirk, bandari ya Ufaransa ambako jeshi la Uingereza liliondolewa kwa meli, akarudishwa Ufaransa wiki mbili baadaye, akaishia kusimamia uondoaji wa pili kupitia bandari za magharibi. Mara mbili katika mwezi mmoja alikuwa amerudisha askari wake baharini kutoka pwani ya Ufaransa. Kwake kutua ndiyo nusu rahisi ya kazi. Wasifu wake wa mistari kumi, ule tunaouweka nyuma ya jalada na hakuna anayeusoma, ungeweza kumwambia Marshall swali la kwanza litatoka upande gani.

Hapa ndipo ninapogombana na wasifu wa wenyeji kama unavyoandikwa kwa kawaida. Utakuta mwaka wa kuzaliwa, vyuo, nishani, idadi ya watoto, anapenda kuvua samaki. (Brooke alipenda ndege wa porini kupita kiasi. Ni jambo zuri la kuzungumza mezani, lakini halimwandai mgeni kwa lolote.) Kinachotakiwa ni sentensi mbili: mtu huyu alishindwa wapi, na tangu siku hiyo anaepuka nini.

Kulikuwa na hofu nyingine, na hii msomaji wa pwani yetu ataielewa haraka. Wakati Marshall anakaribia London, meli za Japani zilikuwa ndani ya Bahari ya Hindi. Tarehe 5 Aprili walishambulia Colombo na kuzamisha meli kubwa za kivita Dorsetshire na Cornwall. Tarehe 9, Marshall akiwa tayari kwenye mazungumzo, wakazamisha Hermes, meli ya kubebea ndege, karibu na Batticaloa, pwani ya Ceylon (Sri Lanka ya leo). Uingereza ikarudisha nyuma sehemu ya kundi lake la meli za Mashariki hadi Kilindini, Mombasa. Watu ambao meli zao zimekimbilia Mombasa wanaombwa waweke akili yao yote kwenye fukwe za Ufaransa. Walisikiliza kwa adabu, lakini masikio yao yalikuwa India.

Hopkins naye alinaswa na India kwa njia nyingine. Wikiendi ile alikuwa Chequers, nyumba ya mapumziko ya Waziri Mkuu, na simu ya maandishi ya Roosevelt ikaingia kuhusu mazungumzo ya kujitawala India yaliyokuwa yakivunjika. Churchill alifura, na mgeni akatumia saa za usiku kuzima moto ambao haukuwa kwenye ratiba.

Neno «kimsingi»

Usiku wa tarehe 14 Aprili Kamati ya Ulinzi ya Uingereza ilikaa na wageni Downing Street. Churchill alizungumza kwa uchangamfu. Pendekezo limekubaliwa, mataifa mawili yatakwenda bega kwa bega. Akaweka sharti moja pana: ulinzi wa India na Mashariki ya Kati lazima uendelee, na Wajapani wasiachwe waungane na Wajerumani. Marshall aliondoka akiamini amepata alichokifuata.

Sisi tunaofanya kazi kwa Kiswahili tuna neno la hali hii: kimsingi. «Kimsingi tumekubali.» Kila aliyewahi kuketi kwenye kikao cha ofisi anajua uzito wa neno hilo, yaani hauna. Ni ndugu wa ile inshallah ya kumtoa mtu mlangoni. Waingereza walikubali kimsingi, kwa shingo upande, na sharti lao halikuwa pambo la mwisho wa hotuba. Sharti ndilo lililokuwa jibu.

Kwa nini hawakukataa? Hastings Ismay, aliyekuwa mkuu wa utumishi wa kijeshi wa Churchill, aliandika baadaye kwamba ingekuwa heri kama wangesema wazi kuliko walivyosema. Ni rahisi kuona kilichowaziba mdomo. Wakubwa kadhaa wa Marekani, Admirali Ernest King, mkuu wa jeshi la majini, mbele yao, walitaka nguvu zaidi ipelekwe Pasifiki. Uingereza ikimwambia Marshall hapana, yeye aliyekuwa mtetezi mkubwa kabisa wa vita vya Ulaya, huenda Marekani ikageuza uso. Hapana ingewagharimu sana. Ndiyo haikuwagharimu kitu mpaka siku ya kupanda mashua, na siku hiyo ilikuwa mbali.

Kama ningeruhusiwa kuongeza ukurasa mmoja tu kwenye jalada la Aprili, ungekuwa huo: mwenyeji akikataa anapoteza nini? Ikiwa anapoteza kingi, basi ndiyo yake ni ya bei rahisi, na mgeni afundishwe kutoipokea mpaka iambatane na kitu kinachoshikika. Nani atatoa divisheni ngapi mwaka huu? Mashua ziko wapi leo? Kamanda ni nani? Kwa Sledgehammer maswali hayo yangeumbua jambo pale pale mezani, maana hadi Septemba 1942 Marekani yenyewe ilitarajia kuwa na divisheni tatu na nusu tu za kutumika. Wengi wa wafu wangekuwa askari wa mwenyeji. Mgeni alikuwa anaomba kitu ambacho kingelipwa na mwingine, na sidhani kama kuna mtu aliyemwambia hivyo kabla ya kupanda ndege.

Kuna watakaosema hakuna jalada lingebadili siasa kubwa kama hizo. Nakubali nusu. Lisingewafanya Waingereza waipende Sledgehammer. Lingempa Marshall hapana yake mwezi Aprili badala ya Julai, na miezi mitatu ya mipango katika mwaka ule ilikuwa mali.

Mtu wa ndani

Tofauti kubwa kati ya pande hizi mbili haikuwa kwenye karatasi. Uingereza ilikuwa na Sir John Dill akiishi Washington. Dill ndiye aliyemtangulia Brooke katika cheo. Alikwenda Marekani na Churchill Desemba 1941 akaachwa huko kuongoza ujumbe wa kijeshi. Akawa rafiki wa kweli wa Marshall. Kabla mkubwa yeyote wa Marekani hajapanda ndege, London ilishajua kutoka kwa Dill anakuja na hali gani ya moyo.

Marekani haikuwa na mtu wa namna hiyo London. Eisenhower alipotumwa mwishoni mwa Mei kukagua makao ya jeshi lao huko, alikuta maafisa wakifanya kazi saa nane kwa siku na kupumzika wikiendi, hawajui vizuri Washington inataka nini. Mtu anayefunga ofisi jioni hawezi kukuambia Brooke amenuna kwa sababu gani. Mwezi mmoja baadaye Eisenhower mwenyewe alirudi London kushika amri.

Mwambata wa kijeshi au mkuu wa ujumbe anayekaa nchi ya rafiki ndiye mwandaaji halisi wa ziara. Ofisi ya nyumbani inaandika, yeye anasikia. Jalada ambalo halijapita mikononi mwake, likarudi lina wino mwekundu, ni insha.

Na njia ya ndani hufanya kazi pande zote. Juni 1942 Lord Mountbatten, mkuu wa operesheni za pamoja za Uingereza, alifika Washington, akakaa na Roosevelt kwa saa kadhaa, wakuu wa majeshi wa Marekani hawapo chumbani. Alitoka akijua Rais anataka sana askari wake wapigane mahali fulani mwaka ule, na kwamba hashikilii Ufaransa kama Marshall anavyoishikilia. Taarifa hiyo ikaenda kwa Churchill. Kuanzia hapo Waingereza walimjua bosi wa Marshall kuliko Marshall alivyomjua bosi wao.

Julai: garimoshi la Prestwick

Tarehe 8 Julai Churchill alimwandikia Roosevelt kwamba hakuna jenerali, admirali wala mkuu wa anga wa Uingereza mwenye dhamana aliye tayari kuipendekeza Sledgehammer kwa 1942. Ndiyo ya Aprili ikafa rasmi. Marshall na King wakajibu kwa hasira: wakamshauri Rais waachane na Ulaya kwa sasa, wageukie Japani. Roosevelt akawataka walete mpango kamili wa huo mgeuko, siku hiyohiyo. Hawakuwa nao. Akawaambia waende London.

Safari hii, kwa upande mmoja, waliandaliwa vizuri kuliko ile ya kwanza. Roosevelt aliwapa Hopkins, Marshall na King maagizo ya maandishi ya tarehe 16 Julai, akatia saini kama Amiri Jeshi Mkuu, jambo lililowaonyesha kwamba hapa hapana mjadala. Askari wa nchi kavu wa Marekani lazima wapambane na adui mwaka 1942. Kugeukia Pasifiki, hapana. Makubaliano yapatikane ndani ya wiki moja. Kwa mwandaaji, hiyo ni karatasi ya dhahabu: mgeni anajua anaweza kutoa nini, hawezi kutoa nini, na saa yake inaisha lini. Lakini pia ilimfunga. Mtu aliyeagizwa arudi na vita vya mwaka huu, vyovyote viwavyo, hana pa kuegemea pale mwenyeji anapokataa uwanja mmoja na kumwonyesha mwingine. Kwa kuwa Mountbatten alikwisha kupeleka habari, wenyeji walikuwa wameuona mpaka huo.

Kisha itifaki. Jumamosi tarehe 18 wageni walitua Prestwick, Scotland. Garimoshi maalumu la Waziri Mkuu lilikuwa linawasubiri, pamoja na mpambe wa Churchill mwenye mwaliko: garimoshi litasimama kituo kidogo karibu na Chequers, wageni walale kwa Waziri Mkuu, kazi ianze baadaye. Marshall akakataa. Alitaka kwenda moja kwa moja London kuonana na Eisenhower na kusikia wasaidizi wake kabla Churchill hajaanza kuzungumza. Mpambe yule alipatwa na fadhaa. Alijua atakayempelekea habari ni nani.

Uamuzi wa Marshall una mantiki. Kulala Chequers ni kumpa Churchill saa nane za kukushughulikia baada ya chakula cha usiku, na alikuwa bingwa wa saa hizo. Tatizo ni kwamba uamuzi ulifanyika kwenye jukwaa la stesheni, mbele ya garimoshi lililokwisha washwa. Ungefanyika siku tatu kabla, kwa ujumbe wa heshima unaosema mgeni ataomba kwanza kuonana na makamanda wake, ungekuwa jambo la ratiba. Stesheni ulikuwa tusi. Churchill alifura, akaona wanapita mlango wake kwenda kuzungumza na watumishi wake. Hopkins ilibidi aende Chequers kumtuliza, na baadaye akamwandikia Roosevelt kwa utani kwamba Waziri Mkuu amemrushia Katiba ya Uingereza kwa nguvu, ila kwa kuwa haijaandikwa popote hakuumia.

Wageni wakaenda Claridge's, hoteli ya London, na Eisenhower na watu wake wakakesha wakiitengeneza Sledgehammer upya. Wikiendi ileile, huko Chequers walikokataa kwenda, Churchill alikuwa na wakuu wake wa majeshi, nao wakakubaliana wote: Sledgehammer haipo. Jumatatu mazungumzo yalipoanza, Waingereza walikuja na sauti moja. Wageni walikuwa na sauti mbili na nusu: Marshall wa Ufaransa, King wa Pasifiki, na Hopkins aliyejua kwamba Rais angeridhika na Afrika ya Kaskazini.

Tarehe 22 Julai jibu likatoka, hapana, wazi kabisa safari hii. Eisenhower alisema siku ile huenda ikaandikwa kuwa nyeusi kuliko zote katika historia. Roosevelt aliposimuliwa hakushangaa, akawaambia wachague uwanja mwingine. Ilipofika tarehe 24 walikuwa wameshakubaliana kutua Afrika ya Kaskazini, operesheni iliyopewa jina Torch. Askari walitua Morocco na Algeria tarehe 8 Novemba. Ufaransa kaskazini ilisubiri hadi 6 Juni 1944.

Wanahistoria wengi huona Waingereza walikuwa sahihi kuhusu 1942, na mauaji ya Agosti mwaka ule kwenye shambulio la Dieppe, bandari ya Ufaransa kaskazini, ambako zaidi ya Wakanada 900 walikufa kwa siku moja, yanawapa nguvu. Mimi hilo silihukumu hapa. Mgeni anaweza kubeba pendekezo baya na akaandaliwa vizuri, au kinyume chake.

Baada yake

Wamarekani hawakujifunza haraka. Januari 1943 viongozi walikutana Casablanca. Waingereza walileta meli nzima, Bulolo, imejaa majalada, wataalamu na mitambo ya mawasiliano, ikatia nanga bandarini. Swali lolote lililoulizwa asubuhi lilipata takwimu zake kabla ya jioni. Marshall alikuja na kikundi kidogo, Wedemeyer akiwa karibu peke yake upande wa mipango. Wedemeyer aliandika kwao, kwa uchungu wa mtu mzima, kwamba walikuja, wakasikiliza, wakashindwa. Mikutano iliyofuata Wamarekani walikuja na jeshi la makarani.

Dill alikufa Washington Novemba 1944, bado kazini. Marshall alisimamia azikwe Arlington, makaburi ya mashujaa wa Marekani, na leo pale kwenye kaburi la jenerali wa Kiingereza pana sanamu yake akiwa juu ya farasi.